Kisu Kilicholowekwa Kwenye Ndoo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Josiane alichota maji kwenye chemchemi, akawatupia mbuzi majani, kisha akafuta viatu vyake mpaka ving'ae. Kijijini Kibabi matope hayakosekani, lakini viatu vya Josiane vilikuwa safi kuliko vya mwalimu.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mchapakazi, tena mjuaji kidogo. Ukimwonyesha kitu kilichoharibika, kabla hujamaliza kueleza yeye ameshaanza kukitengeneza. Darasani walimwita fundi, na hakulikataa jina hilo hata siku moja.

Ijumaa moja, msumari ulitokeza ndani ya kiatu chake ukawa unamchoma kisigino. Josiane hakutafuta koleo. Alichukua kisu cha kukunja cha baba yake, Papa Athanase, kilichokuwa na mpini wa mti laini, akauchokonoa msumari kwa ncha. Alijua vizuri kwamba anakatazwa. Mara nyingi baba yake alikuwa amesema, "Kisu iko ya kukata tu. Haiko ya kung'olea misumari." Lakini Papa Athanase alikuwa shambani, na msumari ulikuwa kisiginoni.

Msumari ulitoka. Ila alipotaka kukikunja kisu, bapa lake lilienda kushoto na kulia, likicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Josiane alijaribu kulikaza kwa vidole. Likacheza vilevile.

Lakini fundi hakosi ujanja. Kwao, jembe likilegea kwenye mpini, hakuna anayehangaika. Linatiwa majini jioni, mti unavimba, na asubuhi jembe limeshika. Basi Josiane akafikiri: mpini wa jembe ni mti, mpini wa kisu ni mti, kuna tofauti gani? Akakitumbukiza kisu ndani ya ndoo nyuma ya jikoni.

Asubuhi alikitoa, akakifungua. Bapa lilikuwa limeshika barabara. Akakifuta vizuri, akakirudisha mahali pake, akajipongeza kimoyomoyo. Hakuona haja ya kumwambia mtu.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na majirani walikuja kumsaidia Papa Athanase kufunga maharage kwenye miti ya kupandia. Miongoni mwao alikuwa Prince, mvulana wa jirani aliyesoma darasa moja na Josiane. Prince alipenda mchezo. Watu walikuwa wamemwona zaidi ya mara moja akirusha visu kwenye mashina ya migomba.

Papa Athanase alikifungua kisu, akalitikisa bapa kuona kama liko imara, kisha akampa Prince. "Shika, upasue kamba za mugomba. Lakini hapana michezo."

"Ndiyo, Papa," Prince aliitika, na kwa kweli siku hiyo hakucheza. Alikaa juu ya jiwe akipasua magome ya mgomba kuwa kamba nyembamba. Ukungu ukaondoka, jua likapanda, kilima kizima kikapata joto. Mpini wa kisu ukakauka mkononi mwake. Mti uliovimba kwa maji ukinywea hauachi nafasi ileile, huacha nafasi kubwa zaidi. Josiane hakuwa amelifikiria hilo.

Prince alikandamiza ncha kwenye gome gumu. Bapa likayumba, kisu kikajikunja juu ya vidole vyake. Kelele aliyoipiga ilisikika ng'ambo ya bonde.

Papa Athanase alimwosha kwa maji safi, akamfunga kwa kitambaa, akataka wampeleke upesi kwenye kituo cha afya. Kisha akakiokota kisu, akalitikisa bapa, uso wake ukabadilika.

"Asubuhi kisu hii ilikuwa nguvu! Nilipima mimi mwenyewe. Prince, uliitupa tena kwenye miti?"

"Hapana, Papa. Nilikuwa napasua kamba tu."

"Kisu haiwezi kulegea yenyewe."

Majirani wakatikisa vichwa, maana walimjua Prince. Josiane alisimama palepale na kamba mikononi. Akajiambia atasema baadaye, watu wakishatawanyika.

Watu walitawanyika, na Josiane hakusema.

Jumatatu Prince alikuja shuleni na bendeji nene kwenye mkono wa kuume. Wenzake wakamwita Mharibifu. Kwa kuwa hakuweza kushika kalamu ya bic, Josiane alijitolea kumwandikia masomo yake. Alidhani hiyo itampunguzia uzito moyoni.

"Aksanti, Josiane," Prince alimwambia. "Weye uko na roho muzuri kuliko bote humu."

Josiane aliinamisha uso. Aliona aibu hata kuishika bic. Wiki nzima neno fundi lilimchoma masikio kila alipoitwa hivyo.

Ijumaa alasiri, Mama Niyigena, mama yake Prince, aliingia uwanjani kwao akiwa amekumbatia kuku. Huyo ndiye aliyekuwa kuku wake pekee anayetaga. Prince alimfuata nyuma, macho chini.

"Papa Athanase," alisema Mama Niyigena, "mutoto wangu aliharibu kisu yako, na siku ile ulimuhangaikia. Tunaleta hii kuku, utusamehe. Prince, sema!"

"Pardon, Papa," Prince alinong'ona.

Papa Athanase alijikuna kidevu. Hakumtaka kuku, lakini kumkataa mtu aliyekuja kuomba msamaha ni kumfedhehesha. Akanyoosha mikono ampokee kuku.

"Papa, usimukamate!" Josiane alipiga kelele. Wote wakamgeukia. "Ni mimi. Niling'oa musumari ya kiatu na kisu yako, ikalegea. Nikailoweka ndani ya maji, kama jembe. Asubuhi ilishika, njo maana nikanyamaza. Prince hakufanya kitu."

Aibu ilimpanda Josiane mpaka masikioni, akatamani ardhi ipasuke immeze. Prince alimtazama, kisha akautazama mkono wake.

"Na uliniandikia masomo," alisema polepole.

Papa Athanase aliteremsha mikono. Kwanza alimgeukia mvulana. "Prince, nilikuhukumu mbio, mbele ya batu. Unisamehe." Kisha akamwambia binti yake, "Leta shoka, nyundo na kisu. Prince, weye njo utapima."

Papa Athanase aliweka shoka juu ya jiwe, kisogo chake kikiangalia juu, akaonyesha ribiti, yaani kile kipande cha chuma kilichopita kwenye mpini na bapa kuvishika pamoja. "Haiko mti inashika kisu. Ni hii. Unaigonga kidogo, unageuza, unagonga kidogo. Ukipiga kwa nguvu, kisu haitafunguka tena."

Josiane alikiweka kisu juu ya kisogo cha shoka, akagonga kichwa cha ribiti taratibu. Akakigeuza, akagonga upande wa pili. Prince alilitikisa bapa kwa mkono mzima.

"Iko inacheza."

Akagonga tena.

"Bado."

Aligonga, akageuza, akagonga, mpaka Prince akasema, "Sasa imeshika." Papa Athanase akadondosha tone la mafuta ya pikipiki kwenye ribiti, akakifungua na kukifunga. Kilikwenda laini, bila kuyumba.

Josiane aliinua uso akidhani mambo yamekwisha. Mama Niyigena alikuwa bado amesimama na kuku wake, machozi yakimlengalenga.

"Mutoto, unisikilize," alisema. "Vidole vya Prince vitapona. Lakini wiki yote aliniambia, 'Mama, sikuchezea kisu,' na mimi mama yake sikumusadiki. Nilimuita mwongo ndani ya nyumba yangu. Ukiharibu kitu, useme siku ileile. Ukinyamaza, kuko muntu mwingine anabeba muzigo yako, na hata mama yake atamugeukia."

Kisha akamvuta Prince kifuani, akamshika hivyo kwa muda mrefu. Josiane alilia bila kujificha.

"Majirani walisikia nikimugombeza Prince," Papa Athanase alisema. "Kesho utaenda kwao bote. Sitaenda na weye."

Kesho yake Josiane alikwenda, nyumba kwa nyumba. Kila mlangoni alisema yote mwenyewe, kuanzia msumari hadi ndoo. Wengine walimsifu kwa kusema kweli, wengine walimkaripia. Prince alitembea kando yake, asikie mwenyewe jina lake likisafishwa. Kwenye nyumba ya mwisho, mzee mmoja aliinuka, akampita Josiane, akampa Prince mkono.

"Pole, kijana," alisema. "Hata mimi nilikusema vibaya."

Prince alimpa mkono wa kushoto, na kwa mara ya kwanza wiki ile, Josiane akamwona anatabasamu.