Vijiko Vitano vya Magadi

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 2025. Mvua ilinyesha tangu alfajiri na kukatika saa kumi na mbili. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mabonde ya wilaya ya Kicukiro, na hewa ya mtaa wa Kagarama ilikuwa baridi kiasi cha watu kutoka nje wamefunga shingo kwa kitambaa.

Gahongayire alisimama mlangoni pa duka lake dogo la maziwa, mwavuli mkononi na kalamu mbili ndani ya bahasha. Siku hiyo alikuwa na mtihani wa kemia. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano, na sasa, akiwa na arobaini na mmoja, alikuwa akisoma masomo ya jioni huko Remera pamoja na vijana waliomwita mama. Kabla ya kuondoka alimshika mkono binti yake, Umulisa, wakafumba macho. Hakumwomba Mungu maswali yawe rahisi. Aliomba akumbuke alichosoma, na kama hakumbuki, asitupe jicho kwenye karatasi ya jirani.

Kisha alimkumbusha Umulisa kazi ya asubuhi. Saa tatu Pudentienne, mshauri wa afya wa mtaa, angekuja kuchukua lita ishirini za maziwa. Siku hiyo watoto wadogo wa mtaa walikuwa wanapimwa uzito nyumbani kwake, na kila mmoja angepewa kikombe cha maziwa baada ya kushuka kwenye mizani. Wengine walikuwa na uzito mdogo kuliko umri wao, na wazazi walikuwa wakiisubiri siku hiyo wiki nzima.

"Pima kwanza, ndipo utoe," mama alisema. "Yakiwa chini ya sita nukta tano, hayatoki hapa kama maziwa mabichi. Nakuamini, mwanangu."

Akapanda pikipiki, akaenda.

Umulisa alikuwa na miaka kumi na minne, na katika hesabu hakuna darasani aliyemshinda. Yeye ndiye aliyekuwa akimsaidia mama yake kuelewa pH, namba inayoonyesha ukali wa asidi. Maji safi yana pH ya saba. Namba ikishuka, asidi imezidi. Na kila hatua moja ikishuka, ayoni za hidrojeni, yaani zile chembe zinazofanya kitu kiwe asidi, zinakuwa nyingi mara kumi. Maziwa mazuri husoma kama sita nukta saba. Mama alikuwa amenunua kipimo kidogo, chenye umbo la kalamu nene, na kila asubuhi walikichovya kwenye maziwa na kuandika namba katika daftari.

Alipofungua mlango wa jokofu, alihisi jambo kabla hajaliona. Jokofu lilikuwa kimya. Alipeleka mkono kwenye debe la chuma, na debe lilikuwa vuguvugu.

Alitazama ukutani. Waya wa jokofu ulikuwa umelala sakafuni. Katika tundu la umeme kulikuwa na chaja ya simu. Jana jioni, mama alipokuwa darasani, yeye ndiye aliyechomoa waya ili achaji simu, akajiambia ni kwa dakika kumi tu.

Akachovya kipimo. Namba zilicheza, zikatulia kwenye sita nukta mbili.

Alipima tena. Sita nukta mbili.

Jirani yao Shakira, binti wa fundi cherehani, aliingia akiwa na chupa ya kununulia maziwa ya nyumbani kwao. Alimwona mwenzake amesimama kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Alimuuliza kama ng'ombe amekufa ndani ya jokofu. Umulisa hakucheka. Alimwambia leo hakuna maziwa, arudi kesho.

"Na lile debe?" Shakira aliuliza. "Au weye sasa unauzia wakubwa tu?"

"Hilo lina mwenyewe."

Shakira alivuta pua kidogo, akamtazama, kisha akaondoka na chupa yake tupu.

Umulisa alijua la kufanya. Lipo debe la kivuguto, yale maziwa ya kugandishwa, na maziwa yaliyoanza kuchacha huwekwa kando humo hadi mama aamue. Lakini hapo Pudentienne angeuliza, mama angeuliza, na jibu lilikuwa ile chaja iliyoko ukutani. Alifikiria uso wa mama akitoka kwenye mtihani. Alifikiria neno nakuamini.

Ndipo macho yake yalipoangukia pakiti ya magadi soda, unga mweupe ambao mama hutia kwenye mandazi. Magadi ni kinyume cha asidi. Vikikutana, asidi hupungua na namba ya pH hupanda. Alikuwa amelieleza hilo mwenyewe wiki iliyopita, mama akiandika.

Alitia kijiko kimoja, akakoroga. Mapovu madogo yalipanda. Kipimo kikasoma sita nukta tatu. Akatia cha pili, na namba ikasogea kidogo sana. Akatia cha tatu. Alijaribu kuomba kama mama afanyavyo kila kazi inapokuwa ngumu. Alisema "Baba yetu uliye mbinguni," na hakuweza kuendelea. Hakujua angeomba nini. Akatia cha nne, akatia cha tano.

Sita nukta saba.

Katika daftari aliandika namba hiyo, kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote.

Pudentienne alifika saa tatu kamili akiwa na kijana wa kumsaidia kubeba. Alionja tone moja kwenye kiganja, akatikisa kichwa taratibu, akasema yana ladha ngeni kidogo, labda ng'ombe wamebadilishiwa majani. Akaliangalia daftari. Sita nukta saba. Akamsifu Umulisa kwamba duka liko mikononi mwa mtu mzima, akafunika debe, akaenda.

Duka likawa kimya. Umulisa alirudisha waya wa jokofu, akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu, akakaa. Kulikuwa na jambo moja lililomsumbua, na halikuwa dhamiri peke yake. Ilikuwa hesabu. Kwa nini vijiko vitano?

Alichukua karatasi. Kwa pH ya sita nukta mbili, lita moja ina moli 6.3 (moli ni kipimo cha wingi wa chembe) za ayoni za hidrojeni zikigawanywa kwa milioni kumi. Kwa sita nukta saba, ni moli 2.0 zikigawanywa kwa milioni kumi. Tofauti ni 4.3, nayo ikigawanywa vivyo hivyo. Alizidisha kwa lita ishirini, akazidisha kwa uzito wa moli moja ya magadi, gramu themanini na nne. Jibu lilikuwa chini ya sehemu moja ya elfu ya gramu. Punje chache za unga, zisizoweza hata kuonekana kwenye kiganja.

Na yeye alikuwa ametia karibu gramu ishirini na tano. Zaidi ya mara elfu thelathini.

Alirudia hesabu, akidhani amekosea nukta. Hakuwa amekosea. Basi akafungua daftari la mama la masomo ya jioni, kurasa zenye maandishi makubwa ya mtu anayeogopa kusahau, na akalipata somo ambalo walikuwa wamelipita haraka. Kipimo huhesabu ayoni zilizo huru tu. Katika maziwa, asidi nyingi haiko huru. Imeshikwa na protini na madini. Ukiondoa iliyo huru, iliyoshikwa huachiliwa kuziba pengo, mpaka pande mbili zipate msawazo tena. Ndiyo maana namba ilikuwa nzito kupanda. Kila kijiko kilikuwa kinakutana na asidi nyingine iliyotoka mafichoni.

Na asidi hiyo yote ilitoka wapi? Vijidudu viliitengeneza usiku kucha ndani ya debe vuguvugu. Magadi yalikuwa yameondoa asidi. Vijidudu havikuondoka hata kimoja.

Alijituliza kwamba Pudentienne angeyachemsha. Kisha kitulizo hicho kikavunjika mkononi mwake. Mama alikuwa amemwambia zamani kwamba vijidudu vingine huacha sumu ambayo moto hauiharibu. Zaidi ya hapo, maziwa yaliyochacha yakiwekwa jikoni hukatika, yakawa mabonge na maji, na kila mtu huona. Haya yasingekatika. Yeye mwenyewe alikuwa ameizima ile dalili ya mwisho ambayo ingewaonya.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi. Watoto wangeanza kunywa saa nne.

Hakufunga hata mlango. Alimpita Shakira aliyekuwa amekaa barazani kwao, akamwambia tu amwangalizie duka. Shakira alianza kumuuliza kama anafukuzwa na polisi, akaona uso wake, akainuka na kwenda kusimama mlangoni pa duka. Umulisa alipanda kilima kwa mbio, viatu vikiteleza kwenye udongo mwekundu. Alianguka mara moja, akainuka, akaendelea.

Ua wa Pudentienne ulikuwa umejaa akina mama wamekaa kwenye mikeka. Mizani ilining'inia kwenye boriti ya baraza, na mtoto mmoja alikuwa analia ndani yake. Kando, maziwa yalikuwa yamekwisha kuchemshwa na kumiminwa katika vikombe vilivyopangwa mezani vipoe. Na hapo, akiwa amesimama kwenye ncha ya meza, bahasha ya kalamu bado kwapani, alikuwa mama yake. Alikuwa amemaliza mtihani mapema na kuja moja kwa moja kusaidia kugawa.

Mama alimwona, akatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko kilima.

Mwanamke mmoja kijana alikuwa anampulizia mtoto wake kikombe. Mtoto aliitwa Régis, wa miaka miwili, mikono myembamba kama vijiti. Alikuwa amekwisha kunywa mafunda mawili.

"Msiwape," Umulisa alisema. Walio mbali hawakusikia. Akasema tena. "Msiwape hayo maziwa. Yameharibika. Ni mimi."

Watu waligeuka. Pudentienne alisema maziwa ni mazima, ameyachemsha mwenyewe na hayakukatika. Umulisa alieleza yote akiwa amesimama mbele yao: chaja, waya, debe vuguvugu, sita nukta mbili, vijiko vitano. Hakuruka kitu. Alipomaliza, kilio cha yule mtoto kwenye mizani kilisikika ua mzima.

Mama wa Régis alikivuta kikombe kutoka mdomoni mwa mwanawe hadi kikamwagika. Alimtazama Umulisa kwa macho ambayo msichana huyo hajayasahau mpaka leo, akasema, "Huyu alikula jana mara moja tu. Nimemwambia leo atakunywa maziwa."

Pudentienne hakupoteza muda kugomba. Alimchukua Régis mapajani, akampigia simu muuguzi wa kituo cha afya na kumweleza. Muuguzi alisema wamwangalie kwa saa kadhaa, wampe maji safi, na akitapika au akiharisha apelekwe mara moja. Gahongayire, bila kumtazama binti yake, alianza kumimina vikombe kwenye ndoo. Mzee mmoja wa kike aligeuza uso ukutani. Katika nchi hii, ambako maziwa ni baraka, hakuna anayependa kuona maziwa yakimwagwa.

Uji wa soya na mtama ulikuwa jikoni, na akina mama waliugawa kwa watoto wote. Umulisa alikaa chini karibu na Régis. Alihesabu pumzi zake. Safari hii aliweza kuomba, na sala ilikuwa fupi: mtoto huyu asiumwe. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Ilipokaribia saa saba, Régis alinyoosha kidole kwenye sufuria ya uji na kusema anataka. Pudentienne alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, na mama wa mtoto akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Hapo ndipo Gahongayire alipokuja kukaa mbele ya binti yake. Umulisa alisubiri kugombezwa.

"Ungesema habari ya waya maziwa yalipokuja kuchukuliwa," mama alisema, "ningekasirika, na tungetafuta maziwa mengine. Watoto wangekunywa. Kuuacha waya umechomolewa ni kusahau, na kila mtu husahau. Kutia magadi si kusahau. Ulikaa ukafikiri, ukatumia akili aliyokupa Mungu kunifanya mimi na Tanti Pudentienne tuamini uongo. Namba ile ilikuwa sahihi, lakini haikuwa kweli."

"Najua, mama."

"Na akili hiyo hiyo ndiyo iliyokuleta hapa mbio. Hilo nimeliona pia. Lakini mimi nimekwisha kukusikia. Waliokuwa na vikombe mkononi ni hawa."

Pudentienne aliongeza kwamba kesho Jumapili, baada ya misa, watoto wangeweza kurudi, ikiwa maziwa yatapatikana. Gahongayire alisema mchuuzi wake huleta mapema alfajiri. Basi wote wakamtazama Umulisa.

Alisimama. Tope la kuanguka lilikuwa limekauka magotini. Aliongea polepole ili hata waliokaa nyuma wasikie.

"Kesho baada ya misa nitaleta maziwa lita ishirini. Nitayapima hapa, juu ya meza hii, na kila mama atasoma namba kwa macho yake kabla sijasema chochote. Na siku yoyote nitakapoharibu kitu, nitakuja kusema mwenyewe kabla ya kuulizwa. Naahidi mbele ya Mungu, na mbele yako, mama wa Régis."

"Tumesikia," akina mama walijibu.