Mzee Mita na Mageti ya Watu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri macho yanafunguka yenyewe. Anakaa kitandani. Anatafuta viatu kwa miguu, gizani. Anavipata, anavaa. Halafu anakumbuka hana pa kwenda.

Basi ndivyo siku zake zilivyoanza tangu astaafu. Kila siku, bila kukosa.

Watu walimwita Mita. Kwa miaka thelathini na mbili alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Alitembea mtaa kwa mtaa, geti kwa geti. Anafunua kifuniko cha shimo, anainama, anasoma namba, anaandika kwenye daftari, anafunika, huyo anaondoka! Mbwa wote walimjua, hata wale wakali.

Tena alikuwa na ujuzi wake. Akisoma mita anakuambia nyumba ina watu wangapi. "Hapa wameongezeka," anasema. "Kuna mtoto mchanga, nepi zinafuliwa." Ukiuliza, kweli.

Siku ya kumuaga walimpa soda, keki na blanketi zito. Mkubwa wake wa kazi akasema, "Mzee, umechapa kazi. Sasa kapumzike." Watu wakapiga makofi. Lakini kupumzika kunafanywaje? Hilo hakuna aliyemwambia.

Mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Binti yao wa pekee alifanya kazi mji mwingine, kwenye chumba cha kufulia mashuka cha hospitali. Nyumba ikabaki na Mita na televisheni. Televisheni inasema, yeye ananyamaza. Akiizima, wananyamaza wote wawili.

Siku moja akatoka kusoma mita ya nyumbani kwake mwenyewe. Akafunua, akainama. Namba zilikuwa karibu pale pale alipoziacha mwezi uliopita. Angekuwa kazini angejua mara moja: hii ni nyumba ya mtu mmoja, tena mtu ambaye hapiki. Akafunika polepole, kama anamfunika mgonjwa.

Asubuhi yake akafanya kosa. Akavaa shati la kazi, akachukua daftari, akaingia mitaani kusoma mita za watu.

Hakuwa amechanganyikiwa. Alijua fika kwamba kazi imekwisha. Ila miguu ilitaka kutembea, na mgongo ulitaka kuinama. Bora kuinamia mita ya mtu kuliko kukaa na blanketi.

Siku ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Ya tatu akatoka mama mmoja na ufagio mkononi.

"Wewe! Unafanya nini kwenye mita yangu?"

"Nasoma, mama."

"Unasoma nini? Siku hizi mita zinajisoma zenyewe! Mwizi! Jamani, mwizi wa mita!"

Watu wakajaa. Kijana mmoja akamkamata ukosi wa shati. Mwingine akamtazama vizuri usoni.

"Mwacheni! Huyu si Mita? Huyu alishastaafu!"

"Sasa anatafuta nini hapa?"

"Labda amesahau kama amestaafu!"

Wakacheka. We! Kicheko kile kilimuuma kuliko kama wangempiga. Alirudi nyumbani kwa njia za nyuma. Akafunga mlango. Akavuta pazia.

Habari mbaya ina miguu mirefu. Jioni ile ile binti yake akapiga simu.

"Shikamoo baba. Nimesikia."

"Marahaba. Umesikia nini?"

"Yote. Baba, mwisho wa mwezi ujao nakuja kukuchukua. Hiyo nyumba tutaifunga."

"Nikakae wapi?"

"Kwangu. Utalala kwenye kochi."

"Na mchana?"

"Mchana sote tuko kazini, baba. Utaangalia televisheni."

Simu ilipokatika akatazama kuta. Nyumba ile aliijenga na mkewe. Yeye akipanga matofali, mkewe akibeba maji. Upweke wa hapa alikuwa anaujua sura. Upweke wa kwenye kochi la ugenini ungemmaliza. Lakini angemjibu nini binti yake? Kwamba hapa anaishi vizuri? Vizuri gani?

Siku kumi hakutoka nje. Alikula mkate mkavu na kulala na nguo za mchana.

Siku ya kumi na moja mlango ukagongwa.

"Hodi!"

Mita akajibanza nyuma ya pazia.

"Hodi, baba! Najua upo. Nimeona pazia linatikisika."

Alikuwa nesi wa zahanati, jirani wa nyumba ya tatu. Mama wa makamo, mwenye sauti ya kuamsha wadi nzima.

"Karibu," Mita akasema. "Lakini chai hakuna."

"Sikufuata chai. Leta mkono."

Akampima presha. Akapima tena. Akakunja uso.

"Iko juu. Dawa zako unameza?"

"Nikikumbuka."

"Unalala?"

"Nalala. Usingizi ndio haulali na mimi."

Nesi akacheka kidogo, kisha akavuta kiti. "Baba, wewe si wa kwanza. Nawaona kila wiki pale zahanati. Mtu anastaafu, kazi inaondoka na kila kitu. Inaondoka na saa ya kuamka, na matembezi, na watu wa kusalimiana nao. Mwili unakaa, moyo unakaa. Halafu presha inapanda, chakula hakipiti. Watu wanasema ni uzee. Mara nyingi ni upweke."

"Sasa upweke una kidonge?"

"Hauna. Dawa za presha utameza kila siku, hilo halina mjadala. Ila upweke unataka kitu kingine. Unataka jambo moja unalolipenda, lenye siku yake na saa yake. Jambo la mikono. Na ndani yake kuwe na watu, hata mmoja."

"Mimi najua kusoma mita tu, mwanangu."

"Hukuzaliwa na mita, baba. Jaribu kitu."

Kesho yake Mita akajikaza, akaenda kwa fundi viatu pale kona, ambako wazee hucheza drafti kwa visoda vya chupa. Akafungwa mara sita. Fundi viatu akauliza, "Mzee, unacheza au unanichangia?" Wazee wakavunjika mbavu. Mita akasikia kile kicheko cha siku ile. Akaondoka hata bila kuaga.

"Nimekuambia mimi siwezi," akamwambia nesi.

"Drafti imekukataa, basi. Hata shati unajaribu kwanza, likibana unavua. Nijibu hili: miaka yote ile mitaani, ulikuwa unapenda kutazama nini? Mita usinitajie!"

Mita akakuna kichwa.

"Mageti," akasema mwishowe.

"Mageti?"

"Mageti ya watu. Unajua hakuna mawili yanayofanana? Kuna moja limechomelewa samaki wawili wanaobusiana. Kuna la mapipa yaliyopondwapondwa, ukiligusa linalia kama ng'ombe. Kuna la buluu limefungwa kwa tyubu ya baiskeli, mwaka wa ishirini huu, tyubu ni ile ile." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilikuwa natamani nisimame niyatazame. Lakini nina nyumba themanini za kumaliza. Nainama, naondoka."

"Shuleni ulikuwa unachora?"

"Nilimchora mbuzi mara moja. Mwalimu akasifu."

"Basi, baba, nenda kachore mageti. Jumanne na Alhamisi, saa tatu asubuhi. Ila safari hii piga hodi, omba ruhusa. Na kifuniko cha mita usikiguse!"

Alinunua daftari lisilo na mistari, penseli na kifutio. Jumanne ikafika. Alisimama mbele ya geti la samaki kwa dakika nzima, mkono juu, hauwezi kugonga. Miguu ilitaka kurudi kwenye pazia. Akagonga.

Akatoka bibi mmoja mwembamba.

"Samahani, dada. Naomba kuchora geti lako."

"Kuchora? Ili?"

"Ili... basi tu. Ni zuri."

Bibi akamtazama juu mpaka chini. Akaingia ndani bila neno. Mita akajua anafuata ufagio. Bibi akarudi na kigoda.

"Kaa, jua lisikuchome. Hao samaki alichomelea marehemu mume wangu. Nilimwambia chomelea maua, akasema maua yananyauka."

Mita akachora saa nzima. Bibi akasimulia saa nzima. Mwisho akaomba kuona. Akageuza daftari huku, akageuza kule.

"Hawa ni samaki au viatu?"

Mita akasikia masikio yanapata moto. Halafu, sijui ilitoka wapi, akacheka yeye wa kwanza. "Ni viatu vinavyobusiana, dada."

Wakacheka wote mpaka bibi akakaa chini. Kicheko hiki hakikuuma.

Alhamisi akachora la mapipa. Jumanne ya pili akarudia samaki, wakapata mapezi. Fundi viatu akasikia, akamwita, "Mzee wa mageti, drafti huiwezi, basi nichoree benchi langu!" Mita akamchorea. Fundi akaubandika mchoro ukutani, juu ya makopo ya gundi.

Nesi akawaleta wastaafu wengine wawili. Jumamosi asubuhi wakawa wanakaa barazani pa zahanati, wanachora. Mmoja alikuwa dereva wa lori, yeye alichora magurudumu tu.

"Gari lenyewe liko wapi?" Mita akamuuliza.

"Linakuja. Liko njiani."

Sio kwamba kila kitu kilipona. Jioni zilikuwa zile zile. Jua likizama, nyumba inakuwa kubwa, na upande mmoja wa kitanda unabaki baridi hata chini ya lile blanketi zito. Siku nyingine alimlilia mkewe, kimya kimya. Alimwambia nesi, na nesi hakumwambia anyamaze. Alimwambia, "Ukizidiwa, gonga kwangu." Mara mbili aligonga.

Lakini alikuwa anapika. Dawa alimeza. Presha ilianza kushuka. Na alfajiri akivaa viatu, viatu vilikuwa na pa kwenda.

Mwisho wa mwezi ule alioutaja, binti akafika, amebeba begi kubwa tupu la kuwekea nguo za baba yake. Akagonga, hakuna mtu. Akakimbia kwa nesi.

"Leo ni siku gani?" nesi akauliza.

"Alhamisi."

"Basi mtafute mtaa wa chini, geti la buluu."

Akamkuta. Baba yake amekaa kwenye kigoda cha watu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, penseli inakwenda. Binti akasimama nyuma yake.

"Usinizibie mwanga," Mita akasema bila kugeuka.

"Baba. Ni mimi."

Akageuka. Akafurahi mpaka penseli ikaanguka. Binti akaiokota, akalitazama daftari, akalifunua ukurasa baada ya ukurasa.

"Baba, nimekuja kukuchukua."

"Najua, mwanangu."

"Huku huoni upweke?"

"Naona. Jioni hasa. Nakuja kwako kutembea, hata wiki mbili, nilikalie hilo kochi lako. Lakini kuhama, hapana. Asubuhi sina nafasi."

Binti alilitazama geti la buluu, kisha geti la kwenye karatasi, kisha mikono ya baba yake iliyojaa weusi wa penseli.

"Bado nini hapo?"

"Bawaba mbili. Na ile tyubu. Tyubu ni ngumu."

Binti akaliweka lile begi chini. Halikuwa na kitu ndani, likabonyea mpaka mchangani. Akakaa juu yake, akasubiri bawaba.