Maji ya Moto Magharibi

Zamzam alikisikia kilio kabla hajaitua sufuria. Kilikuwa cha mtoto mchanga, kifupi, na kilitoka mtaroni alipomwaga maji ya maharage yaliyokuwa bado yanatokota. Jua lilikuwa linazama. Tangu utotoni, pale Mwanza, alifundishwa kwamba saa hiyo mtu hamwagi maji ya moto bila kusema "Bismillahi, nipisheni," kwa maana wasioonekana nao wana watoto. Lakini meli ya Kisumu ilikuwa inang'oa nanga usiku ule, mumewe Badru anamwita barabarani, na haraka ikamfumba mdomo. Aliinamia mtaro, hakuona kitu. Akajikongoja na mimba yake ya miezi minane, akaenda zake, wala hakumwambia mtu. Haraka ningemsamehe mimi. Kule kunyamaza, hapana.

Safari ilianza kuwaendea mrama palepale. Injini ya meli ilizimika katikati ya ziwa, wakakaa wanaelea mpaka jua likawachoma na maji ya kunywa yakaisha. Walipofika Kisumu, begi la nguo za mtoto lilimponyoka mchukuzi likazama gatini. Badru, aliyekuja kuuza mitumba katika soko la Kibuye, alijaribu kucheka.

"Nguo si ndiyo kazi yangu? Kesho nitamtafutia mwanetu nyingine."

Zamzam hakucheka. Tangu watoke nyumbani alikuwa ananusa maharage, na hapakuwa na mtu anayepika.

Chumba walichopanga kilikuwa Migosi, kwa Mama Dorca, Mjaluo mnene mwenye huruma, aliyewazalisha wanawake wengi wa mtaa ule. Ufunguo ulikatikia kitasani.

"Woi! Hii kitasa nimenunua jana tu," alisema Dorca, akamtazama Zamzam. "Mama, keti kwa kiti. Tumbo yako imeshuka sana."

Walivunja kitasa kwa nyundo. Usiku ule wakalala na mlango uliorudishiwa tu.

Badru alianza kukoroma mara moja. Zamzam alikodoa macho gizani. Nje, kwenye ujia, mtu alikuwa anatembea miguu mitupu, akienda na kurudi, akibembeleza: "Nyamaza mwanangu, nyamaza," ila hapakuwa na mtoto aliyelia. Harufu ya maharage ikaingia chini ya mlango, ikageuka taratibu kuwa harufu ya ngozi iliyoungua, na zile nyayo zikasimama, na mlango ukafunguka wenyewe bila upepo, na godoro likabonyea upande wake kama mtu amekaa, na Zamzam akafumbua mdomo kumwita mumewe, ndipo pumzi ya moto ikamgusa sikio.

"Alikuwa na siku saba," ilisema sauti ya mwanamke. "Ulimsikia akilia, ukaenda zako."

"Nisamehe," Zamzam alinong'ona. "Nilikuwa na haraka."

"Ungesimama ukaniomba radhi, ningemzika nikanyamaza. Sasa wewe zaa. Mimi nitalea."

Uchungu ukamshika papo hapo. Ukelele wake ukamwamsha Badru, naye Zamzam akamweleza yote.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa. Badru, anamtaka mtoto wetu!"

Dorca alikuja mbio, akasimama mlangoni akiziba pua. "Nyasaye, Mungu wangu! Hapa kunanuka nini?" Aliposikia kisa, hakubisha. "Baba, kimbia nyumba ya tatu, ita Mzee Obeid, ule anafundisha watoto Kurani. Mimi nitashika huyu."

Mzee Obeid alikuja na chetezo cha ubani, akakaa kizingitini, akasoma. Alivyozidi kusoma ndivyo mabati yalivyozidi kutikisika, na yowe likapanda la mama aliyefiwa, yowe la hasira na uchungu ambalo hata Dorca lilimtoa machozi, likazunguka nyumba mara tatu, likaelekea ziwani na kupotelea huko. Harufu ikakatika. Muda si mrefu mtoto akazaliwa, wa kiume, mzima, akilia kwa nguvu. Badru aliangua kilio kama mtoto mwenzake.

"Ametoka," alisema Mzee Obeid akijifuta jasho. "Mshukuruni Mungu."

Dorca alimfunga mtoto kwa shati la Badru, akamlaza kwenye mkeka nyuma yake, akarudi kumhudumia mama. Mtoto alilia kidogo, kisha akatulia. Zamzam akashusha pumzi, kwa mara ya kwanza tangu Mwanza.

"Sasa mpe titi," alisema Dorca, akageuka kumwinua.

Mtoto alicheua. Maziwa mazito, ya moto, yakamtiririka kidevuni mpaka kwenye shati. Dorca aliyagusa kwa kidole, akamtazama Zamzam.

"Mama, umemnyonyesha saa ngapi?"

Zamzam alikuwa bado hajamshika.