Ufutio wa Binamu

Haya yalimkuta rafiki yangu, na sitamtetea. Alisomea usanifu wa herufi darasa moja na binamu yake, msichana mkaidi ajabu. Mwalimu wao alikuwa na wimbo mmoja: "Nafasi kati ya herufi isipokaa sawa, futa!" Basi yule msichana akachora alfabeti nzima kwa mkono, akifuta na kuchora upya hadi karatasi ikaota manyoya.

Msichana alipougua, alimwambia rafiki yangu, "Kaka, herufi zangu usiziguse. Nikitoka hospitali nitazimalizia mwenyewe."

Hakutoka. Udongo wa kaburi haujakauka, rafiki yangu akaziingiza kwenye kompyuta, akatia jina lake mwenyewe chini. Darasa zima likampigia makofi.

Mchana wa maonyesho ya darasa alishuka chumba cha uchapaji, kisicho na dirisha, kuchukua bango lake la herufi zile. Umeme ukakatika. Gizani akasikia ufutio ukisugua karatasi, krr, krr, bila haraka.

"Nani? Acha utani!"

Sauti ikanyamaza. Kisha mkono wa baridi ukamkamata kiganja, ukakibana mezani, na kusugua kukaendelea.

Taa ziliporudi, hapakuwa na mtu. Bangoni herufi zote zilikuwa salama, zinapendeza kuliko jana. Jina lake tu ndilo halikuwepo. Akainua mkono apanguse mabaki ya ufutio, na ndipo alipoona ncha za vidole vyake: laini, nyeupe kama karatasi mpya, hazina mstari hata mmoja.