Magurudumu ya Machachari

Kila jioni, baada ya kufagia darasa, Machachari na rafiki zake, Bonge na Kijiti, walikimbilia karakana ya shangazi yake Machachari, fundi wa kuchomelea vyuma. Huko walikuwa wakiunda kigari cha mbao cha mashindano ya shule: mmoja anapanda na kushika usukani, wawili wanasukuma.

Mbao alileta Bonge, kamba akaleta Kijiti. Magurudumu, shangazi alimkabidhi mpwa wake. Basi! Tangu siku hiyo Machachari akavimba kichwa.

"Usukani ni wangu," alisema. "Asiyetaka, naondoka na magurudumu yangu."

"Si tulikubaliana kupokezana?" Kijiti akauliza.

"Sukuma, bwana! Na kesho uniletee maji ya kunywa."

Wenzake wakasukuma shingo upande. Lakini siku ya majaribio, hata watoto wa darasa la tatu waliwapita huku wakicheka! Machachari alifoka mpaka sauti ikamkauka, kigari kikazidi kujikokota.

Alimwendea shangazi mbio. "Shangazi, magurudumu ni mabovu!"

Shangazi akayazungusha. Yaliteleza vizuri kabisa. Akapanda kigarini, mwili wote ule, akakijaza. "Haya, sukuma! Haraka! Mbona mvivu hivyo? Na maji yangu yako wapi?"

Kabla hajafika mlangoni, Machachari akaachia. "Aka! Sisukumi tena!"

Shangazi akashuka kigarini akitabasamu. Machachari akahisi uso unamwaka moto. Akatoka mbio hadi kwa wenzake.

"Nisameheni jamani, niliwageuza punda. Kijiti ndiye mwepesi, apande yeye. Mimi nasukuma."

"Kwa mikono laini hiyo?" Bonge akamtania, lakini alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Siku ya mashindano ikafika, filimbi ikalia. Wakachomoka! Wakapita kigari cha kwanza, wakapita cha pili. Kwenye kona, kigari kikainuka upande mmoja. "Ninaanguka!" Kijiti akapiga yowe. Bonge akakilalia, Machachari akakisukuma kwa bega, uwanja mzima ukipiga kelele. Wakakata utepe wakiwa mbele kwa urefu wa mkono!

Shangazi aliwakumbatia wote watatu, vumbi na jasho lao.

"Umeona, mwanangu?" alimwambia Machachari. "Ukiwa na magurudumu, unaweza kuwalazimisha watu wakisukume kigari. Ile nguvu ya pale kwenye kona, hiyo mtu hutoa mwenyewe, akijua kigari ni chake pia."

"Mwakani," Machachari akasema akihema, "zamu ya Bonge kupanda!"

"Mtanisukuma kweli?" Bonge akauliza, na wote wakaangua kicheko.