Mpira Aliouchomoa Khisa

Jumamosi ya soko, Kitale hapapitiki. Magunia ya kabichi yalikuwa yamemwagika hadi barabarani, mikokoteni imefunga njia, na katikati ya zogo hilo Subaru nyeusi ya Khisa ilipiga filimbi kila alipokanyaga mafuta. Watu waligeuka kumtazama. Khisa, karani wa ardhi kutoka Bungoma, shati jeupe limepigwa pasi mpaka likasimama, alitamani ardhi hiyo hiyo immeze.

"Wewe! Gari yako inavuja upepo," sauti ya kike ikasema dirishani.

Alikuwa msichana mrefu, ovaroli ya buluu, leso nyekundu kichwani, hereni ndogo masikioni na grisi hadi viwikoni. Alikuwa akila mahindi ya kuchoma.

"Unajuaje na hujafungua boneti?"

"Si niko na masikio? Mpira umelegea. Egesha hapo, bana, unafungia wamama njia."

"Ni ile ya tulbo?"

"Turbo."

"Si ndio nimesema. Tulbo."

Akacheka, na mwanya wake ukamfanya Khisa asahau alikuwa akielekea wapi.

Jina lake Chelangat, fundi wa umeme wa magari katika karakana ya Mzee Amarjit, mwanamke pekee kati ya wanaume tisa. Alipanga chumba kimoja Kibomet. Khisa naye alikuwa amenunua kontrola ya umeme, kile kisanduku kinachoiamuru turbo isukume upepo kiasi gani, kikakaa ndani ya boksi miezi mitano kwa sababu hakumwamini fundi yeyote. Huyu alimwamini kabla hajamaliza mahindi yake.

Chelangat aliukaza mpira uliolegea, kisha akaifunga kontrola; kazi ilichukua siku moja. Nyaya chache, vali ndogo, na mpira mwembamba wa kutoka kwenye vali hadi kwenye turbo. Kisha kontrola ikafunzwa barabarani, mmoja akiendesha na mwingine akisoma geji ya upepo, kwenda Kiminini na kurudi.

"Kanyaga. Nukta saba... nukta nane... wacha! Usiniue, sijaolewa."

"Kwani unangoja nani?"

"Angalia barabara, karani."

Jioni Chelangat alijifuta mikono kwa kitambaa. "Imeisha. Hutaniona tena mpaka iharibike."

Alitania tu, lakini Khisa aliyabeba maneno hayo hadi Bungoma. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu na sahani moja inayotumika. Tangu mamake afariki, sauti ya pekee humo ndani ilikuwa ya redio. Alisonga ugali wa mtu mmoja, nusu akaimwaga. Ilipofika Ijumaa alichukua bisibisi, akafungua boneti na kulegeza klipu ya mpira mkubwa wa upepo. Mtu mzima na kitambulisho chake! Simtetei. Upweke ukizidi humfanya mtu mjinga.

"Niaje, fundi. Inapiga filimbi tena," akasema kwenye simu.

"Ati tena? Na nilikaza! Lete kesho."

Ikawa hivyo Jumamosi nne. Anakaza, wanaenda kujaribu gari, wanakula chapati na maharagwe kwenye kibanda cha nyuma. Chelangat alinunua rangi ya mdomo, akaificha kwenye sanduku la spana. Aliishangaa klipu ile, lakini hakushangaa sana. Hakutaka kuuliza swali la kumharibia Jumamosi.

Jumamosi ya tano Khisa alichelewa kuamka. Mkono wake ukaenda mbio chini ya boneti, na badala ya kulegeza mpira mkubwa akachomoa ule mwembamba. Huo si wa kuchezea. Ukichomoka, turbo haina wa kuiambia basi. Alikuja Kitale polepole, kwa hiyo hakuona chochote.

"Mbona leo hailii?" Chelangat akauliza. "Haya, twende tuisikie kwa mlima."

Mlimani akasema, "Kanyaga." Mshale wa geji ukapita moja, ukaenda mpaka mwisho.

"Toa mguu! Khisa, toa!"

Injini ikagonga mara mbili, moshi ukatoka, kukawa kimya.

Gari lilivutwa kwa kamba hadi karakana. Amarjit, kilemba cha kijani na ndevu nyeupe, aliinama, akaushika ule mpira uliokuwa ukining'inia. Mafundi wote wakasogea.

"Nani alifunga hii?"

"Mimi, mzee."

"Si tulisema?" mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika. "Turbo si kazi ya wanawake."

Chelangat akamtazama Khisa. Khisa akatazama viatu vyake. Ukweli ulikuwa mdomoni mwake, na aibu ikamfanya aumeze.

"Binti," Amarjit akasema, "kuanzia Jumatatu wewe ni balbu na honi. Injini usiguse."

Kwa wiki tatu alifunga balbu. Jioni alirudi Kibomet, akakaa kitandani na ovaroli yake, akakumbuka kazi ile waya kwa waya, asione alipokosea. Khisa alipopiga simu alijibu maneno sita tu: "Gari iko kwa mzee. Ongea naye." Huko Bungoma Khisa alizima redio, maana hata hiyo ilikuwa ikimsuta.

Wiki ya tatu ilipoisha, Jumamosi saa ya chai, Khisa aliingia karakana. Shati lile lile, bila pasi.

"Mzee, huo mpira nilichomoa mimi. Fundi hana makosa."

Amarjit akaweka kikombe chini. "Mtu anaharibu gari yake kwa nini?"

"Nilikuwa nalegeza kila wiki, ndio nipate kurudi. Sikuwa na sababu ingine ya kumwona. Siku hiyo nikashika mpira mbaya."

Wanaume waliangua kicheko mpaka wengine wakamwaga chai. Chelangat hakucheka. Amarjit pia hakucheka.

"Binti, nilikukosea. Hii injini ni yako. Fungua."

Chelangat alimvuta Khisa hadi langoni.

"Ulinyamaza, Khisa. Mbele ya wote. Wiki tatu nimekuwa nikiangalia hii mikono yangu, najiuliza ni upi ulisahau."

"Nisamehe."

"Sijui. Enda nyumbani kwanza."

Akaenda. Siku nne hakuthubutu kupiga. Jumatano jioni simu ya Chelangat ikalia.

"Injini bado," akasema kabla ya salamu. "Kuna spea hazijafika."

"Sijauliza gari."

"Umeuliza nini sasa?"

Khisa akavuta pumzi. "Umekula?"

Chelangat aliliangalia jiko ambalo hakuwa ameliwasha tangu jana. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

"Bado. Na wewe?"

"Bado. Hii nyumba imenyamaza sana, Chela."

"Hata yangu."

Akawasha jiko, simu ikiwa sikioni.

"Fundi... naweza kuja Jumamosi? Gari sina. Sababu pia sina."

"Kuja," akasema. "Na hiyo bisibisi uache huko."