Sungura Sita wa Chumba cha Nyuma

Jua lilikuwa linatua mtunza wanyama wa maabara alipoingia chumba cha nyuma, funguo mkononi, roho juu juu. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuuchukua mfuko wenye sungura sita waliouawa na dawa mpya ya presha, na kuutia kwenye tanuri la taka.

"Na usiandike kitu daftarini," bosi alikuwa amemwambia. "Jumatatu tunaanza kuijaribu kwa watu."

Aliinama kuuokota. Harufu ya manyoya mabichi ikamjaa puani. Kisha...

Du. Du.

Sungura akiogopa hupiga mguu chini. Mlio huo aliujua vizuri. Lakini vizimba vyote vilikuwa vitupu.

Mlio ulitoka ndani ya mfuko.

Akageuka akimbie. Mlangoni alisimama mwanamke mwenye koti jeupe, amempa mgongo. Hakuwa mtu wa pale.

"Kwa kila sindano ulitunong'oneza," mwanamke alisema taratibu. "Ulisema... ni kwa ajili ya watu."

Mtunza wanyama akarudi nyuma hadi kwenye vizimba. "Nilisema kweli."

"Tumekufa ili mjue. Mmejua. Mbona mnaficha?"

Kufumba na kufumbua, hayupo.

Bosi akatokea kwenye korido. "Bado tu? Choma tuondoke!"

Mtunza wanyama alifungua daftari, akaandika: sungura sita, wote wamekufa, dawa ileile. Akaupiga picha ukurasa, akawatumia wakaguzi wa dawa wa serikali.

"Dada, una wazimu? Kazi huna!"

"Kazi chukua. Hawa sichomi. Unataka? Beba mwenyewe!"

Bosi akaunyakua mfuko. Hakufika mbali. Kwenye korido alipiga yowe moja, jembamba, lisilo la binadamu.

Dawa ilizuiwa. Wakaguzi waliwapasua wale sungura, wakakuta maini yameoza. Mlinzi wa getini aliapa hakuna mwanamke mgeni aliyepita. Na bosi, hakuna daktari aliyejua kilichompata. Halali tena kitandani. Hujikunyata pembeni mwa chumba, na mtu akiinua mkono, pua humtetemeka.

Mkewe alimlilia mtunza wanyama hadi akaenda kumwona bosi. Akachuchumaa mbele yake.

"Kabla ya wale sita, uliwachoma wangapi?" akauliza. "Sema. Sibanduki hapa."

Bosi alimkazia macho bila kupepesa. Midomo ikafunguka...

Meno ya mbele tu, yakianza kutafuna hewa.